Sanduku la Kufuli Tatu

Jumatano ya kwanza ukumbi ulinukia makoti mabichi
na keki za bure. Nje, upepo wa mto Tay
ulipekua mabango kama mwalimu wa zamu.
Nikaandika jina langu mara kumi na moja:
makasia, mjadala, nyuki, kwaya, kupanda milima,
sataranji, gazeti, ngoma za Kiskoti, kufuma sufu,
kutazama nyota (na hapa Dundee mawingu hayana likizo),
na kimoja ambacho hadi leo sijui wanafanya nini,
ila kijana wao alikuwa na kalamu nzuri, akanipa.

Fisi alishindwa na njia mbili.
Nikasema fisi hakuwa na kalenda kwenye simu.

Kalenda ikajaa kama khanga,
pindo, mji, hadi mahali pa jina pakamezwa na rangi.
Saa kumi na moja alfajiri mtoni, vidole havinitii.
Saa saba mchana, hoja: binadamu ana haki ya kuwa mvivu.
Nilipangwa kupinga. Nikashinda,
nikalala kwenye basi hadi mwisho wa njia.
Kila orodha iliniandika kivyake:
Tumsfu. Tumisi. T. Sifu. Kwa watu wa nyuki, Tom.
Nikaitikia yote.

Mama akipiga kutoka Same huuliza, "Umekula?"
Namjibu nina mkutano.
Yeye ana chama kimoja, mwaka wa kumi na tisa huu:
wanawake ishirini na wanne, sanduku la bati, kufuli tatu,
funguo kwa watu watatu. Mmoja akiugua
sanduku halifunguki siku hiyo,
wanakwenda wote kumtazama.
"Na huko kwenu," akauliza, "ukiugua wewe,
kinachoshindwa kufunguka ni nini?"
Nikasema mtandao unakatika.
Haukuwa unakatika.

Wiki ya saba, usiku, nikainjika wali,
nikaketi kitandani nivue kiatu kimoja.
Kilichoniamsha ni king'ora.
Wali ulikuwa umeupita ukoko, umekuwa lami.

Bweni zima likashuka kwenye maegesho,
watu wa mablanketi, mmoja wa taulo,
Novemba ikitutafuna visigino.
"Ni mimi," nikasema. "Ni wali."
Ndipo nikawaona: watu wa korido yangu,
tumegawana kuta wiki saba
na simjui hata mmoja.
Wa chumba cha tisa, Eilidh, mtu wa kisiwa cha Lewis,
akafungua blanketi lake kama mlango, nikaingia.
Parveen wa Bradford akanikazia macho:
"Kumbe ndiye wewe unayetoka kabla hakujakucha!
Tulijua unachoma mikate mahali."
Nikacheka mpaka nikalia. Au nilianza na kulia.

"Unaitwa nani?"
Tumsifu. Nikalitamka taratibu, silabi zote,
kama mtu anayehesabu fedha za wenzake.

Kesho yake nikaandika barua tisa za kuaga.
Nikabakiza kufuma, maana pale watu hukaa,
na ukikosea unafumua tu, hapulizwi mtu filimbi.
Nikabakiza nyota: kukiwa na mawingu mkutano huahirishwa,
na mawingu nimeshayasema.
Makasia hawakuisoma barua, au hawakuiamini.
Hadi leo simu hulia saa kumi na moja.
Naizima, nageukia ukutani.

Jumapili jioni tunapika. Sufuria ni ya Parveen,
yangu ilikwenda na ule wali.
Hatuna bango, hatuna kalamu za kugawa,
tunagombana kuhusu chumvi.

Jumapili iliyopita homa ilinilaza.
Nikasikia jikoni vijiko vikitolewa, sahani zikipangwa,
nikangoja mlio wa mfuniko.
Haukuja.
Zikaja nyayo, kisha mlangoni
lile neno nililowafundisha,
likiwa limepinda kidogo kwa lafudhi ya kisiwani:
"Hodi?"